Usimwulize Miezi

Usiku ule nilijitupa kitandani na sare ya kazi mwilini, hata mswaki sikupiga, na mdogo wangu Sudi akaja. Sudi tulimzika mwaka juzi. Nalisema hilo mapema, usije ukadhani nasimulia habari za mtu aliye hai.

Alipitia mlango wa jikoni, jikoni kwangu hapa Ohaio. Amevaa kanzu yake ya Idi, nyeupe, imenyooshwa pasi, na kichwani ana helmeti yake ya mpira, ile yenye vyuma mbele ya uso. Wala sikushtuka. Nikaanza kumgombeza kama kawaida yangu.

"We Sudi! Mtu anaingia nyumbani kwa watu na dude hilo kichwani? Hebu livue nikuone."

Akasema, "Nikilivua, Dada, nitasahau nilichojia."

Basi nikamwacha nalo, maana kusahau kwake nakujua. Sudi nilimleta Marekani akiwa mtoto wa miaka kumi, mwembamba, analilia samaki wa Tanga kila jioni. Akarefuka, akajaa, shuleni wakamtia kwenye mpira wao, ule wa kubeba mikononi na kugongana. Wakamweka mstari wa mbele, kule ambako kila mchezo ukianza ni kichwa kwa kichwa. Alicheza mpaka akalipwa, akamjengea Mama nyumba, na sisi tukatamba naye mtaa mzima. Kisha akaanza kupotea. Alianza kusahau funguo, yakafuata majina ya watu, halafu njia ya kurudi nyumbani. Mtu mpole yule akawa anapiga ukuta ngumi, halafu analia na kuniuliza nani kaupasua. Alipofariki, madaktari waliomba wamfungue kichwa wautazame ubongo. Mama alikataa katakata kwenye simu, maiti haicheleweshwi, maiti haichokonolewi, nikambembeleza huku nalia mpaka akakubali. Wakatuambia ubongo wake umechakaa kuliko wa mzee, na kwamba halikuwa pigo moja, ni yale yote tangu akiwa shule.

Nikamwuliza Sudi pale jikoni, umekula? Akafungua friji, akainama, akaingia ndani yake, nami nikamfuata, na mle ndani hakuna baridi. Tuko uani kwa Mama, Tanga. Jua linawaka. Daktari wa timu, kijana wa Kizungu mwenye tabasamu, amekalia mbuzi ya kukunia nazi na hajui kakalia nini. Nataka kumwambia angalia meno hayo yatakuchana, lakini ameshamgeukia Sudi.

"Taja miezi kinyumenyume," anasema.

Swali hilo nalijua. Ndilo wanalomwuliza mchezaji aliyegongwa, pale pembeni ya uwanja, wapate kujua kama akili yake iko sawa au wamtoe. Sudi anasimama wima na kanzu yake. "Disemba, Novemba, Oktoba, Septemba, Agosti, Julai, Juni." Anakwama. "Juni," anasema tena. "Juni." Natamani kumsaidia lakini ulimi wangu mzito, na jasho linamtiririka ndani ya vyuma vile. Maskini ndugu yangu, hata huko aliko bado wanamtahini.

Mara sauti nyuma yangu ikasema, "Mei, Mjomba."

Nikageuka. Ni Karimu, mwanangu, mtoto wangu wa pekee, ana miaka kumi na saba. Amekaa kwenye mkeka na vijana wenzake wa timu, wamekunja miguu, wote na helmeti zao, wanayumba mbele na nyuma kama wako chuoni kwa maalimu. Na wanasoma kwa pamoja, Disemba, Novemba, Oktoba, mpaka Januari, wanarudia tena, hakuna anayekosea hata herufi. Sauti zao nzuri, wallahi. Nilitaka kuwaziba midomo.

Maana Ijumaa iliyopita Karimu aligongwa. Hii si ndoto, hii ilitokea. Alilala chini mpaka nikasimama juu ya kiti nikipiga kelele jina lake. Wakamwinua, wakamkalisha pembeni, wakamwuliza miezi, akaitiririsha kama maji ya bomba. Uwanja ukapiga makofi, akarudi kucheza. Na mimi nikapiga makofi. Nikasema alhamdulillahi, kichwa kizima. Na Ijumaa hii inayokuja watu wa chuo kikuu wanakuja kumtazama yeye, wakimpenda anasoma bure, na kocha ameshanipigia kuniambia nisiwe na wasiwasi, mama.

"Nani kawafundisha kusoma vile?" nikamwuliza Sudi.

"Sisi wenyewe. Kwenye basi, tukienda mechi. Wakubwa wanawakaririsha wadogo, ili daktari asimtoe mtu." Anawatazama wale vijana. "Ukishaikariri, Dada, unagongwa mpaka huoni mbele, na miezi inatoka yenyewe."

Sijui ua ulikwenda wapi. Tuko uwanjani, taa kubwa zinawaka, nyasi mbichi, na majukwaa yamejaa wanawake peke yao. Weusi, weupe, wa kila namna. Kila mmoja amepakata helmeti, anaifuta kwa kanga au kwa ncha ya sweta. Hakuna anayeshangilia. Natafuta mahali pa kukaa, na kila ninayempita anasogea kunipisha, na mimi sitaki kukaa na watu hawa, sitaki kabisa.

"Sudi," nikasema, "siku hizi si wameshajua? Si wanasema kwenye televisheni? Mchezo huu hawatauacha?"

Alipitisha macho juu ya wale wanawake wote.

"Watabadilisha helmeti," akasema. "Watabadilisha sheria. Pengine siku moja watacheza bila kugongana, Mungu ndiye ajuaye. Wewe Karimu wako ni mmoja, na Ijumaa ni keshokutwa."

"Nifanye nini?"

"Usimwulize miezi. Mwulize kitu ambacho hakukikariri."

Kisha akaanza kufungua mkanda wa kidevuni. Nikamwambia usivue, Sudi, usivue bado, kaa kidogo, tuzungumze. Nilimshika mikono yote miwili. Mikono yake ya moto, hai kabisa, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba amekufa. Akaivua taratibu, na chini yake kuna uso wa yule mtoto wa miaka kumi niliyempokea uwanja wa ndege, macho makubwa, meno ya mbele yameachana. Akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu mgeni.

"Shikamoo, mama," akasema. "Unamtafuta nani?"

Niliamka nalia kwa sauti. Mto umelowa, nje kunaanza kupambazuka. Nilijua Mama nikimpigia atasema marehemu anataka dua, tumfanyie kisomo, tutoe sadaka. Tutafanya, na ubwabwa nitapika. Lakini Sudi hakuja kujiombea, na neno lake lilikuwa bado masikioni mwangu. Nikatoka na sare yangu iliyokunjamana mpaka chumbani kwa Karimu.

Alikuwa macho, amekaa kitandani gizani. Dirisha amelitundika blanketi juu ya pazia. Nimeliona blanketi hilo tangu Jumamosi, nikamgombeza kwa kunigeuzia nyumba pango, naye akasema anapenda kulala mpaka saa nne, basi.

Nikakaa pembeni yake. "Karimu, bibi yako alikwambia nini jana kwenye simu?"

Jana jioni waliongea karibu saa nzima. Bibi yake alikuwa anamsimulia habari za kuku wake aliyeibiwa, na mtoto alicheka mpaka nikamsikia nikiwa jikoni nakaanga vitunguu.

Alinitazama. Niliona anatafuta usoni kwangu, anahangaika, anatabasamu kidogo kama mtu anayesubiri utani umalizike.

"Bibi alipiga?" akasema.

Yarabi. Nilitaka kupiga yowe, nikalimeza. Nikamwambia polepole, "Huchezi Ijumaa, mwanangu. Leo tunakwenda hospitali. Kocha nitampigia mimi, na hao wa chuo wakitaka wanitukane."

Nikajiandaa kwa vita. Huyu ni mtoto anayebishana nami hata juu ya chumvi ya mchuzi, na mechi ile ameisubiri mwaka mzima. Hakubisha. Aliniegemea begani na uzito wake wote, jambo ambalo hajalifanya tangu aanze kuota ndevu.

"Kichwa kinaniuma tangu siku ile, Mama, hata mwanga unanichoma," akasema. "Nilikuwa naogopa utaniuliza."