Choa Kilichoitwa Funza

Siku ile tulikuwa tunapalilia migomba yetu Moshono. Mdogo wangu Ndelilio alikuwa ndani ya mfereji, maji yamemfika magotini, anazibua matope. Dada yetu Ndeshi alimtania kwamba akisimama vibaya ataukausha mfereji mzima kwa ukubwa wa miguu yake. Wazazi wetu walikufa kwa ndui. Mimi, mkubwa wao, niliacha shule ya misheni mapema ili niwalishe. Hakuna kati yetu aliyewahi kuvaa kiatu, na miguu yetu ilikuwa mizima.

Mchana alikuja mjumbe na askari wawili. Wajerumani walitaka wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Nilisema niende mimi, mdogo wangu abaki na dada. Mjumbe akacheka, akasema hakutumwa kuchuma ndizi moja, ametumwa kuchukua mkungu.

Tulibeba risasi na unga kuelekea Kondoa, Waingereza na Makaburu wakitufuata nyuma. Masika ilikuwa imeanza. Njiani Ndelilio alipewa buti za askari aliyekufa. Wapagazi wenzetu wakamwita Bwana Ofisa, wakawa wanampigia saluti kila akipita, naye anaitikia kwa kidevu. Amri ilikuwa kwamba mwenye buti asizivue hata akilala, ili funza wasimwingie. Niliyeisimamia amri hiyo ni mimi. Kila alipotaka kuzivua, nilimkemea.

Buti hazikukauka hata siku moja. Baada ya majuma mawili akaanza kujikuna mpaka akakosa usingizi. Tulipozivua, ngozi kati ya vidole ilikuwa nyeupe, imelowa, inabanduka vipande, na chini yake nyama nyekundu. Ilinuka. Nikampeleka kwa Sudi, mtu wa pwani, msaidizi wa daktari, aliyekagua miguu yetu kila asubuhi.

Sudi alitazama akiwa amesimama. Akasema ni funza, akatoa sindano.

Funza tulimjua. Huacha kivimbe chenye nukta nyeusi, na ukikichimba unatoa mfuko wa mayai. Hapa hapakuwa na nukta wala mfuko. Nilimwambia hivyo. Aliniuliza nilisomea udaktari wapi, watu wakacheka. Akachimba vidole vyote vya mguu wa kulia, hakutoa kitu, akasema wa kushoto utasubiri.

Siku mbili baadaye niliamriwa kumwosha miguu ofisa wetu Mjerumani. Nikaona kati ya vidole vyake ngozi ileile nyeupe, harufu ileile. Sudi, yuleyule, alipiga magoti. Hakutoa sindano. Alivikausha vidole kimoja kimoja kwa kitambaa safi, akapaka marhamu kutoka kwenye kopo dogo, akamvisha soksi kavu. Mimi nilishika beseni. Nilimkazia macho Sudi kwa hasira hadi beseni likainama, maji yakamwagika, na ofisa akanitukana.

Tangu siku hiyo nilimwosha ofisa kila jioni; kazi ya kufunika kopo nilijipa mwenyewe, na kila nilipolifunika nilipitisha ukucha ndani. Nilirudi kwa Ndelilio na marhamu chini ya kucha. Tulizificha buti ndani ya mzigo, akatembea peku. Niliukausha mguu wa kushoto kwa shuka langu, nikaupaka. Haukupita muda, ngozi ikaanza kukauka na kufunga. Aliacha kuukuna.

Mguu wa kulia ulikuwa umekwisha kuharibika. Matundu ya sindano yalijaa usaha, uvimbe ukapanda hadi gotini, mwili ukawa wa moto. Marhamu haikuwa dawa ya jeraha lile.

Asubuhi moja tulifika mtoni. Bunduki zikalia nyuma yetu, karibu.

Nilimbeba Ndelilio mgongoni.

Askari akanielekezea bunduki. Alitaka nibebe sanduku la risasi.

"Kaka, chukua sanduku," Ndelilio alisema. "Watakuua bure."

Nilimketisha chini ya mgunga. Nikachukua sanduku.

Sikugeuka mpaka nilipofika ng'ambo. Alikuwa bado ameketi, ananitazama.

Tulipopumzika nilimfuata Sudi, nikamuuliza kama alijua.

"Nilijua siku ya kwanza," alisema. "Kile ni choa. Ningekuambia ni choa, ungedai marhamu, na marhamu niliambiwa ni ya wazungu. Kwa ajili yenu nilipewa sindano. Sasa ulitaka niseme nini?"

Hakuona haya. Nadhani hata leo kama yu hai hana haya. Angekuwa mjinga, ningemsamehe. Alikuwa anaujua ugonjwa, akampa mdogo wangu ugonjwa mwingine wa jina tu, kwa sababu huo ndio uliokuwa na kifaa mkononi mwake. Na yule aliyempa sindano na kopo, na kumwambia kipi ni cha nani, sijamsamehe pia.

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu zahanati, vidole vyake vimebanduka vilevile. Mganga alikwangua ngozi kidogo, akaiweka kwenye kioo, akaitazama kwa hadubini. Akasema ni fangasi. Akatoa dawa ya kupaka, akaagiza kijana akaushe katikati ya vidole na asivae viatu vyenye unyevu. Hakuuliza sisi ni nani. Nilikaa kwenye benchi nimeuma meno, hata mtoto akaniuliza kama naumwa.

Vita vilipokwisha, nilirudi Moshono peke yangu. Ndeshi aliniuliza jambo moja tu: nilipomwacha, alikuwa amekwisha kufa? Ningeweza kumdanganya. Nilisema alikuwa hai.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukalima shamba lilelile, tukauguzana. Hakuniita tena kaka.