Wiki Tatu za Kuwa Kondoo

Niliondoka Rombo kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kuomba. Kwa midomo niliendelea vizuri tu: nilibatiza, nilifungisha ndoa, nilizika. Lakini tangu mke wangu Naserian afariki mwaka jana, nikifumba macho sikuona wa kuzungumza naye. Ibada ya mazishi yake niliiongoza mwenyewe, macho makavu, na waumini wakanisifu kwa ushupavu. Basi chuo kimoja cha theolojia kule Kitengela kilipotangaza masomo ya wiki tatu kwa wachungaji wakongwe, nilipeleka jina langu. Nilijiwekea sharti: nikirudi jinsi nilivyoenda, nitavua kola na kuchunga ng'ombe.

Jumatatu alfajiri nilipanda kenta, lori dogo la kubebea nyanya, ya muumini wetu mmoja. Tulipita Illasit na Loitokitok jua likichomoza, tukateremka Kimana hadi Emali. Hapo Emali Naserian hakupita bila kununua machungwa, na hakukosa kunilaumu kwamba nimechagua mabovu. Dereva aliposimama, nilinunua manne bila kufikiri. Nilikula mawili, mengine nikampa dereva.

Kitengela tuliingia saa sita mchana, upepo ukipeperusha vumbi mitaani. Mkuu wa masomo alikuwa Daktari Akinyi, mwanamke wa umri wa binti yangu. Alinipa ufunguo wa chumba na sheria moja: kwa wiki tatu, hakuna kuhubiri.

"Hata kanisa likinialika?"

"Hata likikualika, Baba. Huku umekuja kukaa upande ule mwingine."

Wiki ya kwanza niliimaliza maktabani. Somo nililochagua lilikuwa jinsi ya kuwafariji waliofiwa, na kwa siku tano niliandika kurasa kumi na moja, zote zikihusu watu wengine. Daktari Akinyi alizisoma akiwa amesimama. "Na wewe, nani alikufariji?" akaniuliza. Nilimjibu kwamba mchungaji hufarijiwa na Neno. Alinirudishia karatasi zangu bila kuweka alama yoyote. Kila asubuhi nilikuwa nikitoka nje na kutafuta Kilimanjaro kwa macho, halafu nakumbuka niko Kitengela. Chai ya pale ilikuwa nzuri, lakini nilitamani ya Naserian, ile aliyoiacha jikoni mpaka ikashika harufu ya moshi. Nilimtamani hata akinigombeza.

Jumapili ya pili tulipelekwa kanisa moja mjini Kajiado. Niliketi benchi la nyuma pamoja na mwenzangu wa chumba, Mchungaji Wafula, Mbukusu mcheshi anayehudumu Tuala kule Rongai, ambako, kwa maneno yake, kondoo huhama kila kodi inapopanda. Wageni tuliombwa kusimama. Mzee wa kanisa akanigeukia.

"Mzee wetu, tukuombee nini?"

Nikanyoosha mikono yangu juu. "Bwana, wabariki watu hawa, uwape mvua na amani..." Miaka ishirini na sita ya kazi iliamka yenyewe. Kanisa zima likafumba macho kwa utiifu. Wafula akanivuta koti.

"Wewe! Umeulizwa, hujaitwa kuomba. Leo si zamu yako."

Watu wakacheka, nami nikaona haya. Yule mzee hakucheka. Alirudia swali lake polepole, akasubiri.

"Niko na mke," nikasema. "Hapana. Nilikuwa na mke. Nimemkosa sana, na sijawahi kumwambia mtu."

Waliniwekea mikono kichwani. Kwetu mimi ndiye mwenye kugusa vichwa, vya watoto na vya vijana, ninapowasalimu. Ukiacha siku ya kuwekwa wakfu, changu hakikuwa kimeguswa na mtu tangu nilipokuwa layoni, mvulana ambaye hajatahiriwa. Sikumbuki waliomba nini. Nililia mpaka Wafula akanipa leso yake, kisha akaniambia nikae nayo tu.

Wiki ya tatu niliandika upya kurasa zangu, zikawa mbili. Daktari Akinyi alizisoma akiwa ameketi.

Jumamosi nilirudi kwa njia ile ile, nikiwa na hamu ya nyumbani na hofu yake pia. Nyumba yangu ilikuwa kimya kama nilivyoiacha. Nilikaa jikoni, nikamwambia Mungu kwamba nina hasira naye. Yalikuwa maombi yangu ya kwanza baada ya mwaka mzima.

Kesho yake nilisimama mbele ya kanisa langu bila mahubiri. Nikawaambia kwamba siku ya mazishi nilijifanya jiwe, kwamba namlilia Naserian kila siku moyoni, na kwamba naomba waniombee. Kisha Koko Noolari, bibi mzee kuliko wote, akainuka kwa fimbo yake hadi mbele.

"Mchungaji, sisi tulikuwa tunakungoja," akasema.

"Kuningoja nifanye nini, Koko?"

"Ulie. Wewe hukulia, sasa nani angelia mbele yako? Naserian alikuwa wetu pia. Mwaka mzima tumemficha mioyoni."

Nilidhani niliwabeba. Kumbe niliwaziba midomo, na kila mmoja alikwenda kumlilia peke yake, malishoni na kisimani. Koko aliketi sakafuni palepale, akaanza kusimulia jinsi Naserian alivyocheka. Mama mwingine akadakia, kisha mwingine. Ibada ilimalizika saa tisa, na hakuna aliyehubiri.