Maneno Niliyomwongezea Mgombea

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa siku ya kampeni, katika uwanja wa shule ya msingi ya kijiji chetu huku Masieda. Nakueleza leo kwa sababu nimesikia umechukuliwa kwenda kushika kipaza sauti cha mgombea, na kwamba siku hizi unatembea kifua mbele. Sikulaumu. Nami nilitembea hivyo hivyo.

Wakati huo vyama vingi vilikuwa bado vipya kwetu. Wazee walikuwa wamezoea kuchagua kati ya jembe na nyumba, zile alama mbili za enzi ya chama kimoja, na sasa waliletewa bendera za kila rangi na watu wa kila namna wakiomba ubunge wa jimbo letu. Mkoa wa Manyara ulikuwa haujazaliwa. Tulikuwa watu wa Arusha, na mwenye shida na ofisi kubwa alifunga safari.

Mgombea mmoja alitoka Dongobesh, katika familia ya wenye maduka. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, lakini Kiiraqw alijua salamu tu, na wazee wetu wengi Kiswahili walikisikia kwa mbali. Akahitaji mkalimani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kijiji kizima tulikuwa watatu wa namna hiyo, basi nikachaguliwa. Nilifuatana naye kijiji kwa kijiji, tukianzia kwetu.

Siku hiyo ya kwetu alisema hivi, nayakumbuka maneno yake neno kwa neno: "Ndugu zangu, sitawadanganya. Bomba la maji ni kazi kubwa. Mkinichagua nitaliulizia bungeni, na nitafuatilia. Litafika lini, siwezi kusema."

Nikawatazama watu wangu. Wazee wameegemea fimbo zao. Akina mama wanakaza kanga, tayari kuondoka. Nikajisemea moyoni, mtu huyu hajui kuomba kura. Nikashika kipaza sauti nikasema kwa Kiiraqw, "Anasema mkimchagua, bomba litafika hapa kabla hamjavuna mahindi ya mwaka kesho."

Vigelegele vikapaa. Wazee wakasimama na kumsomea slufay, ile sala yetu ya baraka ambayo mzee mmoja hunena na wengine wakamwitikia. Yule bwana akashangaa. Ndani ya gari akaniuliza, "Kijana, mbona wamefurahi hivyo? Sikuwaambia kitu kikubwa."

"Wamekuelewa, mheshimiwa," nikamjibu.

Nitakuambia kweli, hakuna aliyenituma wala kunipa chochote. Nilipenda zile kelele. Kijiji kilichofuata nikasema vile vile, na Maretadu nikaongeza na zahanati. Ulimi ukishaonja sifa hauambiliki.

Akashinda. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, yakapukuchuliwa. Bomba hakuna. Watu wakaanza kuulizana, nami nikaanza kupita njia za nyuma.

Sasa, palikuwa na mjane mmoja, Bibi Natalia, nyumba yake ya mwisho kabisa juu ya kilima. Chemchemi ilikuwa chini bondeni. Alikuwa na punda wake mzee aliyempandishia madumu mawili kila asubuhi. Baada ya ule mkutano alimpeleka punda mnadani akamwuza. Watu walipomwuliza alisema, "Punda wa nini tena? Mtoto wetu mwenyewe amesema bomba linakuja." Zingatia hapo, mwanangu. Hakusema mgombea amesema. Alisema mtoto wetu.

Nilikutana naye asubuhi moja kwenye mpando wa kutoka bondeni, kidumu mgongoni, anapumzika kila baada ya hatua chache.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Bomba limefika wapi?"

"Lipo njiani, bibi."

Nikampita. Hata kumpokea dumu sikumpokea, kwa jinsi nilivyotaka kuondoka mbele ya macho yake. Jambo hilo linanitia aibu mpaka sasa nikisimulia.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mbunge akaja ziara, na safari hii mwalimu mkuu ndiye aliyetafsiri. Mzee Ombay, aliyekuwa mkubwa wa wazee wetu, akasimama akamwuliza kwa nini ameidharau baraka waliyompa. Mahindi yameshavunwa mara mbili, bomba liko wapi? Mbunge akajibu bila hasira kwamba hakuahidi bomba. Aliahidi kuliulizia, ameliuliza, na bado anafuatilia. Watu wakaguna. Wapo waliosimama waondoke. Mzee Ombay akainua fimbo wakae, akageuka akanitafuta kwa macho mpaka akaniona nyuma ya mti wa bendera ya shule.

"Njoo hapa mbele," akasema. "Neno la bomba lilikuwa la nani?"

Mwanangu, ningeweza kumsukumia mbunge. Kiiraqw hakijui, angejiteteaje? Na uongo ule ungeniokoa mimi na kummaliza yeye. Nilisimama pale nikiupima. Mzee akangoja, kisha akasema taratibu, "Mdomo uliokuwa na maneno mengi siku ile, leo umekauka?"

Bibi Natalia alikuwa amekaa chini safu ya mbele, miguu imenyooshwa, nyayo zimepasuka. Nikasema, "Lilikuwa langu."

Mwalimu akamtafsiria mbunge. Yule bwana akanitazama sana, kisha akasema neno moja tu: "Kumbe ndiyo maana walifurahi."

Nilidhani wazee watanitoza ng'ombe au asali, kama ilivyo desturi. Mzee Ombay hakutaka. "Natalia aliuza punda wake kwa neno lako," akasema. "Basi punda ni wewe. Utampandishia maji kwa bega lako mpaka hilo bomba ulilolileta kwa mdomo lije kwa miguu yake."

Watu walicheka, hata baba yangu. Unajua kwetu mwanamume kupanga foleni ya maji na mabinti ni kitu gani. Wasichana walikuwa wananipisha nichote kwanza, wakisema, "Mpisheni mheshimiwa, ana safari ya bungeni." Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mmoja wao nilikuwa namtupia jicho. Akaolewa Haydom, na sikumlaumu.

Asubuhi ya kwanza nilitua dumu mlangoni kwa bibi. Akauliza swali lake lile lile, "Bomba limefika wapi?"

Kwa mazoea nikajibu, "Lipo njiani, bibi."

Akaliinamisha dumu, akayamwaga maji yote kwenye miche yake ya vitunguu. Akanirudishia dumu tupu. "Kachote tena. Ukirudi unijibu."

Nikashuka, nikapanda. Jasho linanitoka mpaka kwenye viatu. Akauliza tena.

"Sijui, bibi."

"Haya. Weka ndani."

Ikawa hivyo kila siku. Swali ni lile, na jibu nililazimika kulipima kabla ya kulitoa, maana mpando ulikuwa mkali. Siku nikiwa nimesikia habari nasema nimesikia. Siku nikiwa sijui nasema sijui. Hakunikemea hata siku moja.

Uchaguzi mwingine ukaja, na yule mbunge akashindwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko dumu. Mtu alisema kweli, akaitwa mwongo jimbo lote. Kijijini kwetu nilikiri, lakini kule kwingine nilikotafsiri hawakunisikia nikikiri. Nilikwenda Maretadu kwa miguu kuwaeleza. Mzee mmoja akaniambia, "Kijana, siku ile ulisema mbele ya watu mia. Leo unaniambia mimi peke yangu." Nikarudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimeyamwaga kwa kipaza sauti.

Baadaye mkoa ukagawanywa, Manyara ikazaliwa, makao makuu yakawa Babati. Na kiangazi kimoja mabomba yakachimbiwa kweli, yakafika mpaka shuleni. Siku hiyo nilipanda kwa bibi na maji ya bomba begani. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia.

"Bomba limefika wapi?"

Kijiji kizima kilikuwa kinasherehekea, na nilitamani kumpa furaha kamili. Nikasema, "Limefika shuleni, bibi. Kwako halijafika. Kama litafika, sijui."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa unajua kutafsiri," akasema.

Hukumu yangu ilikuwa imekwisha, bomba lilikuwa limekuja. Lakini kutoka shuleni hadi kwake mpando ulikuwa ule ule, na punda hakuwa naye. Nikaendelea kumchotea mpaka alipofariki.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Utakaposimama kati ya mgombea na watu wako, kumbuka kwamba yeye wanamsikia, lakini wewe ndiwe wanayekuamini. Akisema "nitajaribu," sema "atajaribu," hata kama uwanja utanyamaza na mgombea akakununia. Usimwongezee wala usimpunguzie. Kura ni ya mtu, na mtu huipiga kwa maneno aliyoyasikia kwako. Ahadi ni deni, na deni hilo haliulizi nani alilitunga. Nje ya kampeni pia iwe hivyo hivyo, kwa mke, kwa mwana, kwa jirani. Na ukikosea, kiri mapema, pale pale ulipokosea, watu wakiwa bado wamekaa.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe mvua inayotosha shamba na isiyochukua udongo. Ng'ombe wako wazae, nyumba yako iwe na moto na watu wa kuuota. Na siku wazee watakapokuita mbele na kukuuliza ulisema nini, uweze kulirudia neno lako lile lile, ukiwatazama machoni.