Mdogo Wangu Yuko Sevisi

Hapa Karatu ukisema kitu kiko sevisi, kila mtu anajua ni gari limepelekwa gereji, linabadilishwa oili. Kwa hiyo mdogo wangu, aliyepata viza ya bahati nasibu akaenda Marekani, alipotuambia kwenye simu, "Siku hizi niko sevisi," tulifurahi. Fundi! Picha aliyotuma ilikuwa na lori kubwa limefunguliwa boneti, yeye kavaa fulana ya kahawia na mabuti. Mama yetu, kule Kansay, akatangaza jumuiyani kwamba mwanawe anatengeneza magari ya Wamarekani.

Mimi ni dereva wa watalii. Siku moja nilimpeleka Ngorongoro mzee wa Kimarekani ambaye maisha yake yote, kwa maelezo yake mwenyewe, kazi yake ilikuwa kuwanadi wagombea. Loo, alivyoongea! Simba wamelala kando ya barabara, yeye hata hawatazami. Akanieleza kwamba mpiga kura ni wa kutishwa: mwonyeshe adui, halafu mwonyeshe mgombea wako, kifua mbele. Na kiongozi aliyeanza kuchokwa, eti vita vidogo vya mbali humrudishia heshima. Alisema hivyo huku anamenya yai la chakula cha mchana. Sisi huku wagombea wanatuhonga kofia na khanga, na tunawacheka, lakini angalau khanga unajifunga. Wenzetu wanagawiwa hofu, wanapiga makofi, kisha wanakuja kutufundisha utawala bora. Mfyuu!

Akaniuliza habari za familia. Nikamwonyesha ile picha. Akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Mwanajeshi! Mwambie namshukuru kwa utumishi wake."

Nikamwambia hapana mzee, huyo ni fundi, yuko sevisi. Akacheka, akasema kwao kuwa sevisi ni kuwa jeshini, akanionyesha kwa kidole maandishi ya jeshi kwenye mlango wa lori.

"Na mwanao?" nikamuuliza. "Yuko kikosi gani?"

"Wangu anauza nyumba," akasema, akaomba chumvi.

Mkuki kwa nguruwe! Nilimdharau yule mtu mpaka mate yakawa machungu mdomoni, na bado nikamfungulia mlango wa gari, maana ndiyo kazi.

Jioni nilimpigia mdogo wangu. Akakiri. Ukiingia jeshini uraia unakuja haraka, akasema, na sasa kikosi chao kinapelekwa vitani wiki hiyo hiyo. Wapi? Haruhusiwi kusema. "Kaka, nakuomba, usimwambie mama."

Nilimwambia. Kesho yake nilikwenda Kansay, nikamkuta anachambua maharage, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hao anaokwenda kuwapiga, wamemkosea nini?"

"Hawamjui, mama."

"Yeye anawajua?"

"Naye hawajui."

"Na huyo anayemtuma, anamjua mwanangu?"

Mimi ninayejibu maswali ya wageni kutwa nzima, nikaanza kumsaidia kuchambua maharage.

Kwetu mama akikataa safari, mtoto haondoki, hata kama mzigo umeshafungwa. Mama akasukuma ungo pembeni.

"Mpigie. Mwambie mama yake amekataa."

Nikapiga pale pale mbele yake, mara tatu. Simu ilikuwa imezimwa, na mama alikuwa ananitazama usoni, anasubiri nimwambie mwanawe amejibu nini.