Vikombe vya Alhamisi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, niliamini kwamba nimemuua mwanamke mmoja kwa kumhesabu. Sasa nina umri wa kulicheka jambo kama hilo, na tena nafundisha hisabati katika shule ya upili, kazi isiyoelewana na ushirikina. Hata hivyo, kila asubuhi ninapoingia darasani siwahesabu wanafunzi wangu. Nawaita kwa majina, mmoja mmoja, hata kengele ikiwa karibu kulia. Wao hudhani mwalimu wao ni mtu wa taratibu tu.

Kwetu ni kilimani, juu ya soko la Ekerenyo, nyumba zikiwa katikati ya majani chai na migomba. Baba na mama walishinda shambani wakichuma chai, kwa hiyo mimi nililelewa hasa jikoni kwa Magokoro. Ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita nyanya, awe wako au wa jirani. Jiko lake lilikuwa nyumba ya peke yake, ya udongo, nyeusi ndani kwa moshi, na ukuta uliotazamana na mlango ulikuwa na safu ya misumari. Kila msumari ulining'iniza kikombe cha bati, na kila kikombe kilikuwa na mwenyewe.

Wenyewe walikuwa wanawake wazee wa kijiji, waliokutana hapo kila Alhamisi alasiri. Walianza zamani, walipokuwa bado wake wageni walioolewa karibu karibu, na enzi hizo walikuwa egesangio, kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako. Miaka ilipita na migongo ikakataa jembe, lakini siku yao hawakuiacha. Kila mmoja alikuja na kigoda chake na kazi ya mkono, maharagwe ya kuambua au chinsaga ya kuchambua, ile mboga yetu chungu. Walikunywa uji wa wimbi na kuwasema watu. Wasabato na Wakatoliki walikaa bega kwa bega, na kama palikuwa na ugomvi wa dini ulikuwa wa mzaha. Bosibori, ambaye alikuwa Mkatoliki, hakuchoka kuwauliza wenzake Wasabato, ambao kanisa lao linakataza chai, ni dhambi gani waliyofanya hata wakahukumiwa kuchuma chai maisha yao yote bila kuinywa.

Mlango wa jiko haukufungwa hata mvua ilipokuwa ikinyesha ndani. Nilipouliza sababu, niliambiwa moshi. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba kwetu wanawake wazee wakijifungia ndani pamoja, hachelewi mtu kusema wanaroga, na neno hilo likishatamkwa huwa halirudi. Kwa hiyo waliuacha wazi, ili kila mpita njia aone kwamba wanachoroga ni maharagwe. Bosibori ndiye aliyekaa hapo mlangoni, miguu yake iliyovimba akiinyoosha kwenye jua. Aliolewa mwaka ule ule alioolewa Magokoro, na alikuwa na kicheko kilichokuwa kikimfikia mama huko shambani.

Nitasema pia jinsi walivyojua nani kaja na nani hajaja, maana ndipo kisa changu kilipo. Kwetu watu hawahesabiwi. Wala ng'ombe hawahesabiwi, wala vifaranga. Mwanamke akiulizwa ana watoto wangapi hujibu kwamba Mungu amemjalia. Ukimtaja mtu kwa namba, Magokoro alisema, umekionyesha kifo mahali pa kuanzia. Basi wao hawakuhesabiana. Kila aliyeingia alitungua kikombe chake, na uji ulipochemka Magokoro aligeuka kuutazama ukuta. Kikombe kilichobaki msumarini ndicho kilichosema nani hayupo. Hapo nilitumwa mimi mbio, nikaulize kuna nini. Kwa miguu yangu hii niligundua mguu mmoja uliovunjika, mkwe mmoja aliyefukuzwa, na mama mmoja aliyelala siku mbili bila moto jikoni kwa sababu aliona haya kuomba kiberiti.

Siku moja alikuja bwana wa ofisi ya maendeleo ya jamii, mtu wa mbali asiyejua Kikisii. Alisimama mlangoni akiwa na karatasi na akaeleza kwa Kiswahili kwamba kikundi kikiandikishwa, serikali inaweza kukipa hema na viti vya plastiki. Wanawake walipenda habari ya viti. Kisha akauliza wako wangapi, na kila mmoja akaanza kutazama maharagwe yake.

"Wewe andika tu tuko ya kutosha," Magokoro akamwambia kwa Kiswahili chake.

Yule bwana alicheka, akaona hapati kitu, akaniachia mimi fomu kwa kuwa nilikuwa na sare ya shule. Aliahidi kupita tena juma lililofuata.

Nilikuwa wa kwanza darasani katika hesabu, na sifa zilikuwa zimenilevya. Nilisoma fomu ile, nikafika penye nafasi ya idadi ya wanachama, nikaona hapa ndipo penye kazi yangu. Nikasimama katikati ya jiko, nikanyoosha kidole, nikaanza. Moja. Mbili. Tatu. Hakuna aliyenizuia, nadhani hawakuamini masikio yao. Nilizunguka ukuta mzima hadi mlangoni, kidole kikaishia kifuani kwa Bosibori, nikaitaja namba yake kwa sauti ya mwanafunzi anayengoja kupigiwa makofi. Namba yenyewe sitaiandika hapa, mtanisamehe.

Magokoro aliinuka, akakifumbata kidole changu kwenye kiganja chake kana kwamba kimeungua, akakishika hivyo kwa muda mrefu. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Fomu aliichukua akaisukuma chini ya chungu, na viti vya serikali vikaungua nayo. Bosibori ndiye aliyesema kwanza.

"Mimi ndiye wa mwisho? Basi niachieni mlango niufunge."

Wenzake walicheka, lakini si sana.

Alhamisi iliyofuata uji ulichemka, Magokoro akageuka, na kikombe cha buluu kilichomeguka mdomo kilikuwa bado ukutani. Kilikuwa cha Bosibori. Sikusubiri kutumwa, ila safari hii sikukimbia. Nilimkuta kitandani akihema kwa shida, nyumba kimya, mwanawe akiwa mjini na mkwewe kwenye kituo cha kununulia chai akipeleka majani. Nilirudi nikasema anaumwa. Hakuna aliyenitazama, na mimi nilihisi kwamba wote wananitazama.

Wanawake walikwenda kumwona, wakampikia, wakamwombea kwa dini zote mbili. Mkwewe alimpeleka zahanati akarudi na vidonge. Hakupata nafuu. Nilikuwa silali. Ilinijia usiku mmoja kwamba hesabu yoyote inaweza kurudishwa nyuma. Mwalimu alitufundisha hivyo, kwamba ukitaka kuhakiki jibu, rudi ulikotoka. Basi nilipotoka shule siku iliyofuata nilipitia kwa Bosibori.

Alikuwa peke yake. Nilisimama miguuni pa kitanda, nikamnyooshea kidole, nikataja namba yake ile ya mwisho. Wenzake hawakuwepo, kwa hiyo nilinyooshea vitu: kigoda, kapu la wimbi, kandili, paka, koti la marehemu mumewe, nikirudi nyuma polepole ili nisikosee. Nilipofika moja alikuwa amefumbua macho.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nakutoa kwenye hesabu, Magokoro."

Aligeukia ukuta, nikafikiri amelala. Kisha akasema, "Usinitoe."

Nilimweleza kwamba nisipomtoa atakufa. Alisema anajua. Alisema kwa pumzi fupi fupi kwamba katika nyumba ile anaweza kula au asile, akaamka au asiamke, na hakuna atakayeulizia mpaka jioni. Mahali pekee duniani kukosekana kwake kunapoonekana ni pale ukutani kwa nyanya yangu.

"Niache humo humo na wenzangu," akasema. "Na kikombe changu kisitolewe msumarini."

Nilikuwa nimeshamtoa. Akaliona hilo usoni pangu, akaniomba nihesabu upya. Nikaanza moja, huku nikilia, nikapita koti, paka, kandili, kapu, kigoda, safari hii nikiwapa majina ya wenzake. Nilipofika kwake nilishusha kidole, akaitaja mwenyewe namba yake, akafumba macho.

Alifariki kabla ya Alhamisi.

Tulipotoka mazishini nilimweleza Magokoro yote: kurudi nyuma, na kwenda mbele tena. Nilitaka aseme sikumuua, au aseme nilimuua, mradi aseme. Alitembea nami mpaka kwenye mgomba wa mwisho wa shamba letu.

"Bosibori alikuwa mgonjwa kabla hujajua hata moja," akasema. "Lakini usirudie."

Jibu hilo nimeishi nalo miaka yote hii. Kila nikijaribu kuegemea upande mmoja wake, upande wa pili hunivuta.

Kikombe cha buluu hakikutolewa. Baadaye kilifuata cha kijani, kisha vile viwili vyeupe vya ndugu wawili waliokufa msimu mmoja wa mvua. Nilikwenda bweni, nikaenda chuo, nikapata kazi mbali, na kila niliporudi nyumbani niliingia jikoni kwanza na kuutazama ukuta. Kila mara vikombe visivyotunguliwa vilikuwa vimeongezeka. Magokoro alivifuta masizi vyote, vya walio hai na vya waliokwenda, akavirudisha pale pale.

Siku hizi karibu na kanisa kuna klabu mpya ya kina mama wazee. Wana ukumbi, wana sare, wana mwalimu wa kuwanyoosha viungo, na mama yangu, ambaye naye sasa ni mzee, husema hajawahi kufurahi hivyo. Ni kitu kizuri, sikisemi vibaya. Walimwalika Magokoro, akaenda siku moja akiwa amepanda bodaboda na leso yake mpya. Walimpa kadi yenye namba ya uanachama. Aliirudisha kwa adabu na kuomba apelekwe nyumbani.

Likizo iliyopita nilifika siku ya Alhamisi. Nilimkuta ameketi jikoni, mlango wazi, chungu motoni. Macho yake yamebaki ya kutofautisha mwanga na giza tu. Watu wa nyumbani waliniambia hupika uji ule kila Alhamisi, chungu kizima kama zamani, na watoto wa jirani huumaliza jioni. Alinishika mkono akanitambua kwa vidole. Nikakaa mlangoni kwa sababu ndipo palipokuwa na jua, tukasikiliza uji ukitokota. Ulipoanza kupanda, uso wake uligeuka wenyewe kuelekea ukutani, ambao haoni tena.

"Kemunto," akaniita. "Leo tuko wangapi?"

Maishani mwangu sikuwahi kumsikia akiuliza swali hilo. Mwalimu wa hisabati alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu dogo sana. Niliutazama ukuta, misumari yote imejaa isipokuwa mmoja, kwa kuwa Magokoro alikuwa na kikombe chake mapajani. Nilimkumbuka Bosibori, kicheko chake na namba yake, na wale wote ambao siku moja waliamini nimekionyesha kifo mahali pa kuanzia, na bado wiki iliyofuata wakaniita niingie ninywe uji. Nilitamani wangekuwepo.

"Tuko ya kutosha, Magokoro."

Alicheka. Alicheka hasa, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Basi mimina."

Nikavitungua vyote. Nikavipanga sakafuni mbele ya vigoda visivyokuwepo na kumimina kidogo kidogo katika kila kimoja, naye akisikiliza mlio wa uji ukiingia kwenye bati, akitaja jina la mwenyewe kabla sijamaliza kujaza. Hakukosea hata jina moja, ingawa haoni, na mimi ndiye niliyevipanga bila kumwambia mpangilio.

Sijui kama namba huua. Watoto wangu wa shule wakiniuliza nitawaambia haiui, na nitakuwa nasema ninachokifahamu. Ila huko ninakoishi nina majirani wema, nina marafiki, nina makundi ya simu ambayo watu wake ni wengi kupita wale wa jikoni mwetu, na hakuna ukuta hata mmoja wenye msumari wangu. Nisipofika mahali, uji hunywewa tu.

Cha buluu nilikinywea mimi. Pale kilipomeguka panakwaruza mdomo, nami sikukigeuza. Magokoro aliuliza nani amekaa mlangoni. Nikamwambia ni mimi.

"Usiufunge," akasema.

Nikamwambia siufungi, nikanyoosha miguu yangu juani.