Nafasi ya Gari Moja Ng'ambo

Siku dalali alipoingia saluni na kabrasha lake linalong'aa, Kitana alikuwa na kichwa cha mteja katikati ya magoti, amefika nusu ya mistari. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa kitana chake hakikosi kuchomekwa nyweleni mwake mwenyewe. Akikitafuta huku na kule, wao hucheka kwanza ndipo wamwonyeshe.

Dalali alikuwa amesikia kwamba msusi huyu ana akiba. Ni kweli alikuwa nayo, ingawa si ya kutisha. Ilikuwa akiba ya kusuka, ya kukataa vitenge vya mkopo, ya kula kidogo na kusema ameshiba. Ilikuwa ikiyeyuka benki kama barafu juani: kila mwaka kiasi kilekile kilinunua mafuta ya nywele machache zaidi, maana mafuta yenyewe yalitoka ng'ambo na pesa ya ng'ambo ina mifupa. Tena vidole vilikuwa vimeanza kumsaliti. Asubuhi viliamka vimevimba kila kiungo, na daktari akamwambia kwa upole, "Vipunguzie kazi, mama, visije vikagoma vyenyewe." Kitana akatia nia: kabla havijagoma, apate pesa inayoingia bila kupita vidoleni.

"Nyumba ng'ambo, mama," dalali alisema, akifungua kabrasha juu ya meza ya vioo. "Unalipa kianzio tu. Kodi tunakuhakikishia sisi."

"Na nyinyi mnahakikishwa na nani?"

Mteja akacheka hadi mstari ukapinda. Dalali naye akacheka, mtu wa biashara hanuni.

"Jengo limefika wapi?" Kitana aliuliza.

"Msingi umekamilika."

"Nioneshe huo msingi."

"Si huu hapa pichani?"

"Hapa naona ghorofa zima na watu wanakunywa kahawa kibarazani, baba. Msingi uko wapi?"

Dalali akasema nafasi zinakwisha Ijumaa. Kitana akasema basi zikwishe salama. Lakini hakuwa mtu wa kukataa asichokiona, kama ambavyo hakuwa wa kukubali asichokiona. Jioni alimpigia mdogo wake, aliyeolewa huko huko ng'ambo na kufanya kazi ya kusafisha maofisi. Siku yake ya mapumziko, mdogo mtu akapanda basi mpaka mwisho wa njia, akashuka, akapiga simu ya video.

"Dada, unaona?"

"Naona uzio."

"Na nyuma ya uzio?"

Kulikuwa na dimbwi, na katika dimbwi bata wawili.

"Angalau wao wamehamia," Kitana alisema. Wakacheka wote wawili, cheko la watu walioponea chupuchupu kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ndipo mdogo mtu, akirudi kituoni, akasema jambo kama mtu anayesema la kupitisha muda. Chini ya jengo analosafisha kuna maegesho, na kila nafasi ina hati yake, huuzwa kama nyumba. Mzee mmoja ameacha kuendesha, anauza yake. "Dada, huku mtu anapata pa kulala kabla hajapata pa kuweka gari."

Kitana akauliza, "Bei?"

Ilikuwa karibu akiba yote.

Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa sakafuni amezungukwa na skrubu alipoambiwa. Aliinua kichwa polepole.

"Mama watoto. Sisi hatuna hata baiskeli."

"Si ya gari letu. Ni ya gari la mtu."

"Yaani unanunua mistari miwili ya chokaa chini ya ardhi, katika nchi ambayo hujawahi kukanyaga."

"Na sakafu iliyo katikati yake."

"Tununue gari hapa, tulifanye teksi, nilione kila siku kwa macho yangu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo."

Methali hiyo ilimchoma, kwa sababu ilikuwa na haki. Bomba likipasuka huko, nani ataenda? Mpangaji akigoma kulipa, nani atagonga mlango, nao mlango wenyewe hakuna? Alikaa nayo siku kadhaa, akiigeuza kama mtu anayetafuta ncha ya uzi. Mwishowe akamjibu mumewe wakiwa mezani. "Teksi inataka dereva, matairi, mafuta na dua. Sakafu haitaki kitu. Na mimi sipo, lakini mdogo wangu anapita pale kila siku na ndoo yake. Damu yangu ipo, na mimi nipo."

"Haya," mumewe alisema. "Ila ikipotea usinililie kifuani."

"Nitalilia mto."

Hakukimbilia kulipa. Alimtaka mdogo wake ashuke na futi ya kupimia. Katika simu ya video maegesho yalionekana ya kijivu, taa zikikonyeza. Hii hapa nafasi, na hapa pembeni, imesimama kama mgeni asiyealikwa, nguzo.

"Mlango wa dereva utafunguka?"

"Gari kubwa, hapana. Dogo, ndiyo. Ndiyo maana mzee hajapata mnunuzi, dada. Tuachane nayo."

"Usiiache. Mwambie tumeiona nguzo."

Mzee alipoambiwa, aliguna, akashusha bei. Aliposikia kwamba mnunuzi ataleta wakili, akaguna tena, akashusha kidogo zaidi. Kile kilichobaki kikatosha kumlipa wakili aliyechunguza hati kama haina deni, na kugonga mihuri ya karatasi iliyompa mdogo mtu ruhusa ya kusaini kwa niaba ya dada yake. Siku hati ilipoandikwa jina lake, Kitana alimsuka mteja kichwa kizima bila kusema neno, na mteja akadhani amemkosea.

Kisha ukaja ukimya. Mwezi ulipita, na wa pili, bila mpangaji, huku ada ya jengo ikidai chake. Wateja walikwisha kumbatiza upya kwa hicho kivuli cha gari alichonunua: "Mama Mwenye Kivuli, gari lako halijambo?" Alijibu, "Halijazaliwa." Akacheka nao, akaongeza vichwa viwili kwa wiki ili alipe ada. Usiku mumewe alimkuta amezamisha mikono katika beseni la maji ya moto.

"Uza, mama watoto. Hata kwa hasara."

"Nikiuza kwa hasara nitakuwa nimevimbisha vidole bure."

Mumewe aliongeza maji ya moto.

Kesho yake Kitana alimuuliza mdogo wake tangazo linasemaje. Lilisema: nafasi ya gari. Watu walikuja na magari yao makubwa, wakaiona nguzo, wakaenda zao.

"Lifute," alisema. "Andika: nafasi ya gari dogo tu. Andika na nguzo yenyewe, na upana."

"Tutangaze kasoro?"

"Mtu mwenye nywele fupi akija hapa simwambii nitamsuka mpaka kiunoni. Namwambia zitafika wapi. Akikaa, hainuki."

Aliyekaa alikuwa muuguzi wa zamu, mwenye gari la milango miwili, dogo kama kisanduku cha viatu, aliyechoka kuzunguka mitaani akitafuta pa kuliacha. Alishuka na futi yake mwenyewe. Akasaini mkataba wa mwaka.

Kodi ilipoingia, benki ikamega, ada ikamega, kodi ya serikali ikamega. Kilichobaki kilikuwa sawa na vichwa vya siku moja ya kila wiki. Mumewe alikipiga hesabu mara mbili, akasema si kitu cha kujivunia, kisha akauliza kama yule mzee hana jirani anayeuza.

"Polepole," Kitana alisema. "Kwanza hii itulie."

Jumatatu iliyofuata mteja wake wa siku zote alikuta saluni imefungwa. Akazunguka nyuma hadi nyumbani, akamkuta msusi amekaa kizingitini, mikono imelala mapajani, viganja juu.

"Kitana! Unaumwa?"

"Siumwi, shoga."

"Basi nisuke hata mbili tu za mbele."

"Njoo kesho. Leo kuna gari la mtu linanifanyia kazi."