Nani Anakunywa Mafuta ya Meli Mama?

Fundi wa mafriji hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kuambiwa. Mteja akisema friji lake haligandishi, yeye hufungua mlango, huingiza mkono mpaka kwapani na kutulia hivyo kama daktari anayesikiliza mapafu, kisha husema, "Linagandisha. Wewe ndiye unayeliacha wazi." Mara nyingi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomharibu. Nyumbani alijua sukari imefika wapi ndani ya kopo. Sabuni ya kuogea aliigeuza upande kabla ya kutoka bafuni, ili akirudi ajue. Mke wake, aliyekuwa akifua mashuka hospitalini, alikwisha kumzoea. "Wewe ukifa," alimwambia siku moja, "utaamka kwanza uhakikishe kaburi ni lako."

Basi mtu huyo, akishavua viatu vya kazi, alikuwa rubani.

Sebuleni, chini ya dirisha, palikuwa na kompyuta kuukuu, na ndani yake mchezo wa kurusha vyombo angani. Si mchezo wa kufyatuliana risasi. Mtu anajenga chombo chake mwenyewe, tangi juu ya tangi, anakirusha, na akikosea kinaanguka baharini mbele ya macho yake, wala hana wa kumlaumu. Fundi alikuwa ameifikisha meli yake kwenye sayari moja kubwa, rangi ya kutu, yenye miezi minne inayoizunguka. Mpango wake ulikuwa huu: meli mama ibaki juu, chombo kidogo cha kutua kishuke mwezini na kigari tumboni, kigari kitoke, kitembee, kichote mchanga, kirudi ndani, chombo kipae, kijishike tena kwenye meli mama, kinyonye mafuta, kisha safari ya mwezi mwingine. Chombo kilekile, kigari kilekile, miezi yote. Wengine hupeleka kigari kipya kila mahali na kukitelekeza hukohuko. Fundi aliona huo ni ufujaji mtupu. "Friji hulitupi kwa sababu raba ya mlango imechoka," alisema.

Alikwisha kutua kwenye mitatu. Ulibaki mmoja, mdogo, mweupe kama ukucha, na mafuta ya kushuka huko, kisha kurudi mpaka nyumbani, yalitosha kwa kubana. Mchezo aliuhifadhi mahali pamoja tu, juu ya pale pa jana. Kuweka nakala ya pembeni aliona ni kujiruhusu kukosea. Na kompyuta hakuizima. Alitoka asubuhi akaiacha inanguruma, meli ikizunguka, kama anavyoliacha friji alilotengeneza lifanye kazi mchana kutwa ndipo aliamini.

Katika nyumba hiyo alikuwemo pia shemeji, mdogo wake mke, kijana mrefu asiye na kazi ya kudumu, aliyelala chumba cha uani. Dada yake ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na kwingine pa kwenda hakuwa napo. Mchana, wenzake wakiwa kazini, nyumba ilibaki mikononi mwake.

Jioni moja Fundi aliketi, akatazama kipimo cha mafuta cha meli mama, akakunja uso. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akatazama tena. Yamepungua.

"Nani amekaa hapa?"

"Hapo wapi?" Shemeji alikuwa mlangoni, mkate mdomoni.

"Kwenye kiti changu."

"Mimi. Ndicho kiti pekee chenye mgongo humu ndani."

"Ukagusa?"

"Nimegusa kiti, shemeji. Kwa makalio."

Jikoni, mke wake aliangua kicheko. Fundi hakucheka. Alikuwa anatazama chembe za mkate zilizolala katikati ya herufi, akazitoa moja moja kwa ncha ya bisibisi kama mtu anayekusanya ushahidi.

Kesho yake, kabla ya kutoka, alilaza uzi mweusi juu ya vibonyezo. Jioni aliukuta uzi palepale, haujasogea hata unywele. Mafuta yamepungua tena. Mwingine angejiambia basi hakuna aliyegusa. Fundi alijiambia: huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani, ameutoa uzi na kuurudisha.

Kuanzia hapo akawa hamwamini mwenzake hata kidogo. Shemeji akikohoa, Fundi anageuka. Shemeji akipita sebuleni kwenda kuchota maji, Fundi anamsindikiza kwa macho mpaka anaporudi. Siku moja wakiwa mezani kijana alisema, katika kutafuta maneno tu, "Sasa ile nyeupe unaiendea lini?"

Fundi akaweka kijiko chini. "Umejuaje kama iliyobaki ni nyeupe?"

"Si umeiimba wiki nzima! Hata paka wa jirani anajua."

"Paka wa jirani hakai kwenye kiti changu."

"Nakaa, naangalia nyota zinavyopita, nakula mkate wangu, naondoka. Ni kosa?"

"Mwacheni ale," alisema dada mtu. Shemeji akaendelea kutafuna.

Asubuhi moja, mafuta yalipofika nusu, uvumilivu ukamwisha. Mke wake alikwisha kwenda kazini. Shemeji alikuwa uani, kwenye bomba, anapiga mswaki, na wapangaji wengine wa ua huo wako nje, huyu anaanika, yule anafagia, na jirani mshonaji, mama wa cherehani, yuko barazani kwake anakanyaga mashine. Fundi alitoka na singlendi.

"Siwezi kulisha mwizi ndani ya nyumba yangu!" alisema, kwa sauti ya mtu aliyeisemea moyoni siku nyingi.

Kijana akatema povu. "Nimekuibia nini?"

"Mafuta!"

Cherehani ikasimama. "Mafuta ya taa?" akauliza mama wa cherehani.

"Ya meli!"

"Meli gani tena, baba?"

Watu wakacheka, ufagio ukaangushwa. Lakini neno mwizi lilikwisha kutoka, na neno hilo likitoka uani halirudi ndani kwa kicheko. Shemeji yeye hakucheka. Alisukutua kinywa taratibu, akaingia chumbani, akatoka na begi lake la mgongoni. Hakuaga. Mama wa cherehani alimfuata kwa macho, kisha, Fundi akiona, akavuta kikapu chake cha vitambaa karibu na miguu.

Mke wake aliporudi alikuta kitanda kimetandikwa na ukuta hauna nguo. Hakupiga kelele. Alimpakulia mumewe chakula, akakaa mbali naye.

"Umemwita mdogo wangu mwizi mbele ya watu," alisema mwishowe, "kwa kitu ambacho hata panya hawezi kukila."

"Anakichezea mchana. Mafuta hayapungui yenyewe."

"Kama ni yeye, nionyeshe. Kama si yeye, utakwenda kumrudisha kwa mdomo huohuo. Mpaka hapo tusizungumze mengine."

Jioni iliyofuata Fundi alikaa kitini akikaribia kufurahi. Shemeji hayupo. Akatazama kipimo. Yamepungua.

Kisha akageuza shingo polepole, akamtazama mke wake anayekunja nguo upande wa pili, na wazo baya likampitia kichwani. Akalifukuza. Likarudi na kuketi.

Siku ya mapumziko ya mke wake, Fundi alibeba sanduku la vifaa, akaaga, akatoka getini akipiga mluzi, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni na kujibanza nyuma ya pazia la sebuleni. Pazia lilikuwa fupi. Vumbi likamwingia puani, akaibana chafya mpaka macho yakamtoka machozi.

Mke wake aliingia na kitambaa. Akafuta meza. Akafuta kabati. Kompyuta akaipita bila kuitazama. Alipofika karibu na dirisha alisimama kidogo, akatazama viatu vya kazi vilivyochomoza chini ya pazia.

"Fundi," alisema, "ukichoka kusimama, chai iko jikoni." Akatoka.

Alitamani ardhi immeze. Hata hivyo hakutoka, maana mtu aliyekwisha kujificha kwa aibu kubwa namna ile anataka walau apate kitu. Akabaki akichungulia kiti kitupu. Kwenye kioo, meli mama ilizunguka polepole juu ya sayari yake ya kutu, ikaingia upande wa nyuma, jua likafichwa, kioo kikawa cheusi. Ubavuni mwa meli kitaa kidogo cha kijani kikawaka. Na tarakimu za mafuta zikaanza kuteremka. Zenyewe. Hakuna mkono, hakuna uzi, hakuna shemeji.

Meli ilipotokeza juani, kitaa kikazimika na tarakimu zikasimama.

Fundi alitoka nyuma ya pazia, akakaa sakafuni. Kile kitaa alikijua. Kilikuwa cha jenereta ndogo inayokunywa mafuta yaleyale ya injini ili kuzalisha umeme. Aliifungulia yeye, kwenye mwezi wa tatu, akihofia betri ya kigari itakufa gizani. Akaiwekea ijiwashe umeme ukipungua, ijizime ukijaa, kama friji linavyojiwasha lipatapo joto, na siku ile alijisifu kwa akili hiyo. Meli ilipokuwa mbali, giza lilikuwa la nadra. Kisha akaishusha karibu na sayari, na kila mzunguko ukawa na usiku wake. Naye akaiacha inazunguka mchana kutwa, akaenda kutengeneza mafriji ya watu.

Alimkuta shemeji kwenye tanuri la mikate, mtaa wa pili, anabeba magunia ya unga na kulala stoo. Kijana alipomwona alitua gunia, akageuza mifuko yake ya suruali nje, yote miwili.

"Pekua. Unga tu."

"Sikuja kupekua. Si wewe."

"Nani sasa? Dada?"

"Mimi."

Shemeji alimtazama kwa jicho la kando. "Dada amekutuma."

"Amenituma. Lakini ni kweli."

"Hapa ananisikia nani? Magunia? Uliniita mwizi uani, basi kaseme uani. Sauti ileile."

Hivyo ikawa, saa za alasiri, wapangaji wakiwa nje, Fundi alisimama palepale kwenye bomba. Sauti ikatoka kubwa kupita alivyotaka.

"Niliyemwita mwizi si mwizi! Mafuta niliyamaliza mwenyewe!"

"Yale ya meli?" Mama wa cherehani alikuwa na pini mdomoni.

"Yale ya meli."

"Kwa hiyo hiyo meli ipo?"

"Haipo, mama. Ipo ndani ya kompyuta."

"Na mafuta?"

"Nayo hayapo."

Mama wa cherehani alitoa pini mdomoni moja moja, akamwambia jirani yake kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Kuna jambo hapa wanatuficha." Mke wa Fundi akaingia ndani haraka kabla kicheko hakijamwaibisha.

Shemeji aliingia, ila begi aliliacha mlangoni, zipu imefungwa, mikanda ikitazama nje. Fundi aliliona. Mkono ulimwasha kulisogeza ndani, akauzuia.

Mafuta yaliyobaki hayakutosha tena kurudi nyumbani, ila yalitosha kushuka kwenye ule mwezi mweupe na kupaa, mradi pasiwe na kosa hata moja. Fundi aliizima jenereta, akavuta kiti chenye mgongo, akampa shemeji. Yeye akakalia ndoo.

"Kaa uone mwenyewe."

Shemeji akakaa. Kisha akapandisha mikono yake miwili, akaifungia kisogoni kama mtu aliyekamatwa. "Mikono yangu hii hapa. Dada, umeiona? Iko kichwani."

"Nimeiona," alisema dada yake kutoka mlangoni, wala hakutabasamu.

Meli ilipoufikia mwezi, chombo kikajitenga, kikaanza kushuka. Mkono wa kushoto wa Fundi ulikuwa unakinyoosha kisiyumbe, wa kulia unaminya na kulegeza injini. Ardhi nyeupe ikapanda, mawe yakaonekana, kisha kivuli cha chombo chenyewe. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba miguu ya kutua bado imekunjwa.

"Miguu! Shemeji, bonyeza kile cha juu, cha miguu!"

"Sibonyezi."

"Bonyeza, tunaanguka!"

"Halafu useme nimegusa? Sibonyezi ng'o."

Chombo kikagusa kwa tumbo, kikadunda, kikalala ubavu. Vumbi likapanda bila sauti, likachelewa kushuka. Mlango wa kigari ulifunguka nusu ukakwama, na gurudumu moja likabaki linazunguka hewani.

Shemeji alikuwa bado na mikono kisogoni, macho mbele, shingo imekaza, anasubiri neno. Dada yake anasubiri. Fundi alifungua mdomo, na wote wawili waliona jinsi neno lilivyofika kwenye ulimi wake likasimama hapo.

"Miguu nimesahau mimi," alisema.

Kisha akanyoosha kidole, akahifadhi mchezo vilevile ulivyo, umelala ubavu, juu ya ule wa jana. Pa kurudi nyuma hapakuwapo tena.

Polepole, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili, shemeji akaiteremsha mikono magotini.

"Hilo gurudumu," alisema, "bado lina nguvu?"

"Linazo. Betri imejaa."

"Likizungushwa mbele na nyuma, huenda kigari kikajisukuma kikatoka."

"Huenda. Lizungushe."

"Mimi?"

"Wewe."

Shemeji akamtazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta mtego uko wapi. Akatazama kibonyezo. Akamtazama tena. Akafuta unga wa vidole kwenye suruali, akaweka kidole kimoja, kimoja tu.